Ngozi ya Mkono wa Chuma

Łódź, mwezi wa Februari. Saa kumi jioni, giza limeshaingia,
theluji imelalia madirisha ya kiwanda kilichokuwa cha pamba.
Bi Bogumiła anashona ngozi.

Si ya mnyama. Ni ya mkono wa roboti:
kitambaa kinachonyumbuka, kimefumwa kwa uzi wa fedha,
na kila mraba, upana wa ukucha, umepewa kazi moja:
kujua kwamba umeguswa,
na kuuonya mkono: taratibu, hapa pana mtu.

Miaka ishirini na sita alishona makoti,
hadi cherehani zikauzwa kwa kilo, vyuma chakavu.
"Mkono ni mkono," alisema siku tuliyomwajiri,
akaupima kuanzia begani, pini mdomoni.

Usiku ule mkono ukashtuka.
Hakuna aliyeugusa.
Ulijikunyata, ukarudi nyuma, ukatetemeka
kama aliyeitwa jina lake ndotoni.
Kwenye skrini vidole vya mtu asiyekuwepo
vilibonyeza, vilibonyeza.

Mimi mhandisi nikarudia hesabu.
Nikalaumu programu. Nikalaumu gundi.
Nikalaumu, kwa sauti, mshono wake.

Hakunijibu. Alizima redio, akatega sikio.
"Lile sanduku," akasema, "linapiga mluzi."

Kigeuza umeme, chini ya meza,
kinafungua na kufunga mkondo mara elfu nane kwa sekunde,
na kila kufunga ni kofi dogo hewani.
Kofi likifika kwenye waya jirani, waya husema: nimeguswa.
Na ngozi huamini.
Hatukuifundisha kushuku.

Tukapiga magoti, tochi mkononi.
Waya wa kwenda na waya wa kurudi
zilikuwa zimeachana, kila mmoja na ukuta wake,
na ule uwazi kati yao ndio uliokuwa ukipayuka.
Bi Bogumiła akazikutanisha, akazisokota
kwa kidole cha shahada na gumba, bila kutazama.
"Uzi usiosokotwa huokota kila takataka.
Mama alinichapa kwa hilo."

Nikaivisha waya pete nyeusi ya sumaku,
nikafupisha njia ya kwenda ardhini,
nikaituliza swichi, ifunge
kama mlango wa chumba alimolala mtoto mchanga.
Tukapoteza joto kidogo. Sawa.

Mistari kwenye skrini ikalala, si yote,
mmoja uliendelea kupumua pembeni; hadi leo sijui kwa nini.

Kisha akaweka gumba lake la kushoto juu ya ngozi,
gumba lililochomwa sindano hadi likafa ganzi.
Mkono ukasimama. Ukamsubiri.

"Wewe umenihisi," akauambia. "Mimi sijakuhisi."

Akavaa koti.
"Na mshono wangu?"
Umenyooka, nikasema, nikiangalia viatu.
Akauliza kama tramu ya mwisho imeshapita.