Upande wa Ndani

Gauni la Bi Mwanatenga halijaisha,
na kosa si la cherehani.

Kosa ni la kitabu cha insha
alichoniachia Mhina, karani wa reli,
siku alipokuja kupunguza suruali kiunoni.
"Kisome taratibu," akasema. "Si cha kumeza."
Jalada limebanduka. Ukurasa wa tisa
una duara la kikombe cha mtu.

Insha ya kwanza yahusu neno hodi.
Neno hilo nimelitamka tangu nina meno ya utoto,
Barabara ya Nane mpaka ya Kumi na Tano, Ngamiani yote,
na sikuwahi hata siku moja kulisimamisha mlangoni
nikaliuliza: wewe nawe, wataka nini?
Mwandishi kalisimamisha.
Asema hodi si ombi la kuingia.
Ni muda tunaowapa wenyeji
wausukumie umaskini wao chini ya kitanda.

Nikaondoa mguu kwenye pedali.

Nikamwona mama, hodi imelia uani,
anasogeza sufuria ya uji kwa kisigino,
anavuta kanga, anaitika "karibu"
kwa sauti ya mtu aliyeshiba.
Miaka arobaini nimeibeba picha ile
kama kitufe mfukoni, sijui cha shati gani.

Ndiyo raha yenyewe, sijui niielezeje.
Maua ya kitambaa twayaona sote;
huyu analipindua vazi ndani nje,
anakuonyesha nyuzi, pindo lililofichwa,
pale fundi alipokosea akajisamehe.

Si kwamba nakubali kila kitu.
Insha ya tatu, juu ya foleni, yadai hatuna subira.
Pembeni mtu kaandika kwa penseli:
"Huyu hajapanga foleni Bombo."
Nikacheka peke yangu, nikachukua chaki ya kitambaa,
nikaongeza: "Wala hajashona sare mwezi wa Januari."
Basi tumekuwa watatu kwenye meza ya kukatia,
hatujuani sura,
tunabishana na hakuna anayemkata mwenzake kauli.

Nilikuwa katikati ya insha ya misiba,
pale anapouliza kwa nini pilau la matanga
hunoga kuliko la harusi,
mara sauti nje: "Hodi, fundi!"

Bi Mwanatenga. Harusi yake ya kwenda ni kesho.
Nikalisukuma gauni lisilo mikono chini ya meza,
nikavuta futi nikalivaa shingoni,
nikaitika, "Karibu,"
kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi.