Swali la Nne

Milwaukee, Novemba. Ziwa limenuna nje ya dirisha
kama mtu aliyenyimwa nafasi asiambiwe sababu.
Ghorofa ya tatu ya hoteli tumekusanyika, mia mbili na ushei,
sisi tunaozunguka vyuoni kila majani yakianza kupukutika
tukichagua, miongoni mwa wenye shahada za uzamili za biashara,
nani aingie, nani ashukuriwe kwa muda wake.

Asubuhi tunafundishwa kusalimiana.
Watu wazima, wenye mvi, tunafundishwa kusalimiana.
"Mkono usiwe samaki, wala usiwe koleo,"
asema Bi Oberlander, kipaza sauti kikimkoromea,
"na kabla hujamuuliza mtu anafanya kazi wapi
muulize ameamkaje."
Tunaandika. Kalamu ni za bure, zina jina la benki.

Beji yangu inasema: Casimir Wojtas,
Brandtner, Watengenezaji wa Valvu.
Beji inasema uongo tangu Jumanne.
Ada ya mkutano ililipwa Agosti, hairudishwi;
aliyerudishwa ni mimi,
na boksi moja, na mmea wa mezani
uliotangulia kukauka.

Basi nimekuja. Nimevaa suti ya kuhoji
juu ya tumbo la kuhojiwa.

Dakika tano kila meza, kisha kengele, hameni.
Kadi zinapita mkono kwa mkono kama karata
za mchezo ambao hakuna ajuaye nani aligawa.
Mmoja analalamika: vijana wa leo
wanauliza mshahara kiti hakijapata joto.
Thaddeus wa kampuni ya bima ananinong'oneza
kwamba anaowahoji anawaonea kijicho.
Nacheka panapochekwa.
Mfukoni nina kadi arobaini,
na namba iliyochapwa juu yake
inaita kwenye dawati lisilo na mtu.

Meza ya saba. Koti la kijani. Beji: Pa Houa Thao,
Mkuu wa Ajira, hospitali nne na zahanati zake.
"Hunikumbuki," asema. Halikuwa swali.

Miaka tisa nyuma, Madison, chumba kisicho na dirisha,
nilimuuliza matatu kwa upole
na la nne nikiwa nimeegemea kiti, kama desturi yangu:
*Nieleze mara moja uliposhindwa, na jinsi ulivyoinuka.*
Akanieleza duka la mboga la baba yake, kule Sheboygan,
lilivyofungwa, na yeye ndiye aliyekuwa akipiga hesabu.
"Niliposema bado sijainuka," asema,
"uliandika kitu. Kifupi.
Miaka tisa najiuliza ni neno gani."

Nalikumbuka. Afadhali ningekuwa nimelisahau.
Ningeweza kumpa neno zuri, *mkweli*, tuseme, au *jasiri*;
ninayo mengi, ndiyo kazi iliyonilisha.
Lakini nimechoka, na kahawa ya hapa ni maji ya jivu.

"Maziwa," namwambia.
"Mke wangu alikuwa amepiga simu. Maziwa yalikuwa yamekwisha."

Ananitazama kwa muda ambao kwenye usaili
ningeuhesabia alama.
Kisha anacheka, si sana, na si kwa furaha yote,
anavuta kiti mbele, viwiko mezani, yeye haegemei.
"Na wewe, Casimir.
Nieleze mara moja uliposhindwa."

Mkuki ni uleule. Miaka kumi na mmoja nimeurusha
nikiusifu uzito wake, mpini wake.
Leo ndiyo nakutana na ncha.

"Jumanne," namjibu.
Nageuza beji, jina likalala kifuani.

"Na jinsi ulivyoinuka?"

Kengele. Viti vinakwaruza, watu wanahama,
kijana mwenye tai ya njano anasubiri nyuma yangu
na kadi yake mkononi, tayari ameshatabasamu.
Pa Houa haondoki. Amefungua daftari,
anaandika kitu. Kifupi.
Kutoka upande wangu wa meza
herufi zote zimesimama kichwa chini.