Tundu la Saba

Miaka kumi na tisa nilikaa pale Ruwi,
chuma cha kusikilizia kimenibana utosi,
nikiwaunganisha watu:
huyu wa Sur, huyu wa Salala,
huyu analia tu, hata hajasema anamtaka nani.

Bahati? Ngoja nikwambie.
Siku moja nilichomeka waya tundu la saba
badala ya la tisa. Mtu wa Ibra aliulizia bei ya saruji,
akampata Muhenna, karani wa bohari ya tende.
Muhenna akanipigia kunigomba.
Akanigomba tena kesho yake. Na kesho kutwa.
Mfungo tatu akaleta posa.

Wajukuu huniuliza: je, ungechomeka sawasawa, bibi?
Basi mngezaliwa watoto wa saruji, nawaambia.
Wanacheka, wanarudi kwenye simu zao
zisizo na waya, zisizokosea mtu.

Siku hizi tundu lililolegea ni mimi.
Namwita Raya kwa jina la dada yangu
aliyebaki Wete.
Natia kahawa vikombe viwili,
kimoja kinapoa mpaka kinaota ukungu.
Daktari anasema ni umri.
Nami nasema ni laini tu, zimeingiliana,

maana usiku, kiyoyozi kikishazima,
nyumba ikanyamaa kama kabla ya mlio,
namsikia mtu upande wa pili
anavuta pumzi,
kama anayejitayarisha kugomba.

Siikati.