Saa Arobaini Nisizozifanya

Nilidhani macho yangu yamechoka na mvuke.
Kutwa nzima nilikuwa nikikunja shuka za hospitali,
mia mbili, mia tatu, sikumbuki,
na Ijumaa ile ya Novemba, Dundee imeshaingiwa na giza
saa kumi tu za alasiri,
nikasimama mbele ya mashine ya benki, glavu mdomoni,
na mashine ikaniambia nina pesa.

Nikaikunjua hati ya mshahara, nikaisoma kwa kidole.
Saa za ziada: arobaini na nne.
Nilifanya nne. Asubuhi moja tu,
Jumamosi ile boila ilipopasuka.
Kidole cha mtu kimebonyeza nne mara mbili,
basi, pauni mia nne thelathini na mbili, kodi imeshakatwa,
zimekuja kulala kwangu bila kubisha hodi.

Senga alisema: Nyamaza, Ishbel.
Kampuni ina malori kumi na manane,
haitalala njaa kwa vijisenti vyako.
Alisema hivyo akiramba chumvi ya chipsi vidoleni,
nami, Mungu anisamehe, nilimwelewa.

Usiku nilizitumia zote kichwani:
viatu visivyoingiza maji,
nauli ya binti yangu kuja Krismasi,
pazia.
Asubuhi zilikuwa bado zipo.
Pesa isiyo yako haipungui ukiiota.
Sitaficha, gesi niliilipa kweli, sabini katika hizo hizo.
Baridi haisubiri dhamiri ya mtu.

Kilichonipandisha ngazi si utakatifu.
Machi walinipunja pauni kumi na moja.
Kumi na moja! Nikapiga simu, nikaandika, nikaambiwa subiri,
nikasubiri wiki sita nikihesabu sarafu za basi,
na siku waliponilipa hakuna aliyesema samahani.
Sasa nikiinyamazia hii,
ile ya kesho nitaidai kwa mdomo gani?

Jumatatu, orofa ya pili.
Karani ni kijana, Struan, shingo imejaa vipele vya wembe,
wiki yake ya tatu kazini.
Akaitazama karatasi, akapauka kuliko shuka zangu.
“Tutazikata zote mwezi ujao,” akasema haraka,
kama mtu anayefuta maji aliyoyamwaga mwenyewe.

Nikamwambia: Keti, mwanangu, tuandike.
Mia tatu sitini na mbili zipo, sijazigusa, zichukueni leo.
Sabini zimeshakuwa moto, zimepita bombani,
hizo nitalipa kumi kumi, miezi saba.
Na kodi mliyoikata kwenye jasho nisilolitoa
irekebisheni, nisije nikaonekana tajiri serikalini.
Weka tarehe. Weka saini. Nipe nakala.
Mali bila daftari huisha bila habari,
na deni bila daftari haliishi kamwe.

Aliandika. Kisha, kalamu hewani:
“Kwa nini umesema? Tusingejua mpaka Aprili.”
Mngejua Aprili, nikamjibu,
na Aprili ningekuwa nimeshazivaa miguuni.

Senga hakunisemesha siku mbili.
Siku ya tatu zikaja shuka kubwa za hoteli,
zile ambazo mtu mmoja hawezi.
Akashika pembe zake, nikashika zangu,
tukavuta, tukakung'uta, tukakutana katikati,
nikamkabidhi pembe zangu mkononi.
“Zimepita bombani,” akanong'ona,
akacheka hadi akaliangusha shuka.

Hati ya Desemba ikafika.
Wamekata kumi, kama tulivyoandikiana.
Nikashuka nayo kwa kidole mpaka mstari wa mwisho,
nikajumlisha, nikajumlisha tena nyuma ya bahasha.
Pungufu: pauni nne.

Nikavua aproni.
Ngazi za orofa ya pili ni ishirini na mbili,
sasa nazijua.