Kilobaiti Arobaini na Moja

Zdravka ameingia dukani na theluji mabegani,
kompyuta kaifunga kwa shali kama mtoto mwenye homa.
"Imejaa," anasema. "Wala sijaiwekea kitu."
Nje, mawe ya Plovdiv yanateleza,
mtu anamtukana mtu kwa upole.

Naiwasha. Tunangoja.
Kiduara kinazunguka, kinazunguka,
kama mbwa anayetafuta namna ya kulala.
Ananiuliza kama ninalo birika.

Mwaka themanini na saba, anasimulia akipuliza kahawa,
aliandika programu ya mishahara ya kiwanda cha tumbaku:
watu mia tisa na kumi na wawili,
makato, likizo, posho ya wanaovuta vumbi,
na mama mmoja aliyebadili jina la ukoo mara tatu kwa mwaka,
wote ndani ya kilobaiti arobaini na moja.
Disketi ikabaki na nafasi.
Mpishi wa kantini akaomba hesabu ya maharage nayo iingie.
Ikaingia.

"Neno refu nililikata. Kila herufi ilikuwa na bei.
Usiku niliamka kwa ajili ya baiti tatu,
kama mtu aliyekumbuka kuwa hakuzima jiko."

Mimi sijawahi kuamkia baiti yoyote.

Orodha imejitokeza, tunaisoma pamoja,
miwani yake na yangu zikigusana.
Programu ya hali ya hewa: megabaiti mia tatu na themanini,
ili iseme baridi.
Kikokotoo kimekuja na kivinjari kizima tumboni;
kivinjari kina nakala yake ya jana, na ya juzi,
iwapo ya leo itaugua.
Printa aliiuza miaka sita iliyopita,
lakini kiendeshi chake bado kipo,
kinaamka kila alfajiri, kinamtafuta mwenzake, kinalala.
Mgeni siku mbili, ya tatu tungempa jembe.
Hawa tuliwapa funguo.

Nalitetea kabila langu, kidogo.
Nasema: leo inaandika Kibulgaria na Kiarabu kwenye mstari mmoja,
inamsomea kwa sauti asiyeona,
inazuia wezi ambao enzi zako hawajazaliwa.
"Kweli," anasema. "Hayo yape megabaiti kumi.
Yape ishirini, mimi si bahili.
Zilizobaki ni za nani?"

Za nani.
Kila mwaka, mahali fulani, watu waliovaa barakoa nyeupe
wanachonga silikoni nyembamba kuliko jana,
wanaongeza mbio, wanapanua ghala,
na kila mwaka sisi tunaingia na masanduku matupu
kwa kuwa mlango ulikuwa wazi.
Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
ila kibaba kimekuwa bwawa
na bado asubuhi ndoo inakwaruza chini.

"Na vyako ni vipi?" nauliza.
Ananionyesha kidole kwenye faili moja:
barua za Lyuben kutoka Benghazi, alipokwenda kujenga barabara.
Alizichapa mwenyewe, baada ya mazishi,
makosa ya tahajia ya mumewe akayaacha yalivyo.
Nautazama ukubwa wake.
Zingetosha kwenye disketi ile,
pamoja na mishahara, pamoja na maharage.

Nafuta nusu saa nzima. Ninachong'oa
kinauliza kama nina hakika,
kisha kinaacha mzizi.
Mwishowe namuuzia diski mpya, kubwa mara nne,
na pesa zake nazipokea bila kumtazama.

Anaifunga kompyuta shali. Mlangoni anageuka:
"Hii nayo itajaa lini?"

Nafungua kikokotoo nimhesabie.
Tunasimama, baridi ikiingia,
tukingoja kifunguke.