Mfuko wa Kushoto

Mifuko naijua.
Miaka thelathini na mmoja hapa Limbani, Wete,
juu ya cherehani ya marehemu mama,
natia mifuko ya kanzu, ya suruali, ya mashati ya skuli,
na n'kwambie: mfuko hauchaniki katikati.
Huanzia pembeni, pale uzi ulipofungwa kwa haraka,
na mwenye nguo ndiye wa mwisho kujua.

Huu wangu sikuushona mimi.
Waliushona Dar, chini ya mtulinga, baina ya ngozi na nyama,
wakatia kidude cha chuma, chembamba kama biskuti,
na waya mbili zikashuka mshipani hadi moyoni,
maana moyo wangu ulikuwa ukipiga, ukipiga,
halafu unanyamaza
kama mtoto wa chuoni aliyesahau aya.

"Bibi, na umeme ukikatika?"
Khelef aliniuliza hivyo, ana miaka sita.
Usiku ulipokatika Wete nzima
alikuja na tochi kunimulika kifua.

Mwaka wa pili, Ramadhani imeshapita,
ngozi pale juu ikawa nyekundu,
ikawa na joto lake peke yake,
kama pasi iliyosahauliwa juu ya kitambaa.
Homa za jioni nikaziita malaria.
Nikapimwa. Si malaria.
Nikanunua vidonge vya rangi mbili, kumi,
nikameza sita, wekundu ukapungua,
vinne nikaviweka kabatini, kwa akiba.

Shaame, mume wangu, hakuambiwa.
Tulishauza cherehani ya umeme kwa ajili ya safari ya kwanza.
Nikawa nalala kwa ubavu wa kulia
na kusema ni joto.

Halafu ikatoka ncha, ndogo, kama chunusi.
Mimi ni fundi. Kilichovimba hutobolewa.
Nikaichoma sindano kwenye mshumaa,
nikasema bismillahi,
nikatoboa.
Ukatoka usaha, nikaufuta kwa kipande cha melimeli,
na chini yake, Mungu wangu,
kitu kikang'aa.

Spitali ya Chake, daktari kijana, Mwanakhamis Ussi,
aliinama mpaka nikasikia pumzi zake.
"Nani katoboa?"
"Nguo," nikasema. "Imesugua."
Akaitazama sindano niliyoichomeka kwenye ukosi wa gauni,
niliyosahau kuitoa tangu asubuhi,
na hakusema neno.

Baadaye alikaa kitandani kwangu.
Vidonge haviwezi, mama.
Vijidudu vimeshajenga juu ya chuma,
vimejifunika kama ukoga ndani ya mtungi;
dawa inapita juu, wao wamelala chini.
Na hakitoki nusu. Kinatoka kidude, zinatoka na waya.
"Na moyo je?"
"Moyo tutauazimia."

Kwa hivyo nimewahi kuazimwa mapigo.
Walizivuta zile waya Dar, saa nne nzima,
zilikuwa zimeshaota, zimeshikamana na mshipa.
Siku kumi na tisa nimelala na waya shingoni,
moyo wangu uko mezani, nje,
ndani ya kisanduku chenye taa ya kijani,
karibu na chupa ya chai.
Muuguzi akipita na ndoo, nilikuwa nafumba macho.
Dripu asubuhi, dripu usiku.
Shaame alinikalia upande wa taa.
Siku ya tano nikamwambia habari ya sindano.
Akasema, "Niliona kitambaa," basi,
akaendelea kunimenyea chungwa.

Cha pili wamekitia kulia.
Kushoto pamebaki shimo, ngozi imeingia ndani,
kidole kinakaa.
Vile vidonge vinne Khelef kavipata kabatini,
akaviita shanga.
Nimemnyang'anya, nikampiga kofi, nikalia mimi.

Nimerudi kwenye cherehani. Wateja wanakuja.
Jana Mzee Mbarouk kaleta kitambaa cha kanzu ya harusi ya mwanawe,
nikamuuliza, kama ninavyowauliza wote siku hizi,
mfuko niutie upande gani.
Akacheka. "Kushoto, Bi Zuwena! Kwani kuna pengine?"

Nimetia kushoto.
Pembeni nimerudia uzi mara tatu.