Mikebe Mirefu

Usinivute mkono, kijana. Miwani nimekuja nayo.
Huu, unasema, ni msonobari wa Korea,
kokwa zake nono kama punje za mahindi.
Na ule wenye kichwa cha mwavuli ni wa Italia,
na leo Jumamosi umeupunguzia bei.

Sikatai, ni mizuri.
Imejipanga kama wanafunzi siku ya ukaguzi.
Lakini mwaka niliostaafu kufua mashuka ya hospitali
mimi, Eufemia Archuleta wa Agua Flaca,
nilinunua miche minane ya mbali.
Mgeni njoo, mwenyeji apone: nikaipigia ardhi hodi.
Mwenyeji alinitazama tu. Alikuwa na kiu yake mwenyewe.
Nikabeba maji kwa ndoo Januari nzima, theluji imegoma,
mche mmoja nikaufunika blanketi la marehemu Tranquilino.
Kufikia Pasaka nilikuwa na vijiti vinane vya kuwashia jiko.

Nataka wa kwetu.
Mfupi, uliopinda mgongo,
wenye sindano mbili mbili kama ndugu wasiosemeshana
lakini hakuna anayehama nyumba.

Unacheka. Unaniuliza umri, kwa adabu.
Sitini na tisa. Na hesabu naijua:
miaka ishirini na mitano kabla ya kokwa ya kwanza,
na hata hapo hauzai kila mwaka,
huzaa upendapo, wa tano, wa sita,
mlima mzima kwa pamoja, kana kwamba imeandikiana barua.
Nitakuwa na tisini na minne. Meno sijui.

Mwaka wa ukame mlima uligeuka rangi ya kutu.
Dumuzi wadogo kuliko mchele walitoboa magome;
usiku, ukinyamaza, uliwasikia wakila.
Mti wenye maji hulia utomvu, ukamzamisha mdudu.
Yetu haikuwa na chozi.
Shemeji Eliseo akaja na msumeno,
akakata iliyokufa,
kisha akakata iliyokuwa bado inafikiria.
Mmoja niliusimamia. Nilikaa juu ya kisiki jirani
na chupa yangu ya kahawa mpaka petroli ikamwishia.
Hatujasalimiana miaka kumi na mitatu.

Ndio huo niliouchagua.

Usidhani ni huruma. Nimeupima.
Oktoba iliyopita nilitandaza shuka chini yake.
Kokwa iliyokoza kahawia ina kiini;
iliyopauka ni nyumba isiyo na mtu.
Ndege wa buluu anajua: huiokota moja, huitikisa, huitupa,
kama mama sokoni anayegongagonga tikiti.
Mimi sina mdomo wake, nikazitia majini.
Zilizoelea nikazimwaga.
Zilizozama nikazihesabu mara mbili: mia moja na kumi na tatu.
Kumi nikazikaanga, kwa kuwa mimi si mtakatifu.
Siagi na moshi. Ganda jembamba, hupasuka kwa jino moja.
Ninalo bado.

Zilizobaki zimelala kwenye friji, ndani ya mchanga mbichi,
kando ya maziwa,
na mjukuu wangu Delfina amekwisha kumpigia mama yake simu
kuuliza kama bibi anakula udongo.
Zikichipua na kukomaa kidogo
nitazipeleka chini ya vichaka vya pakanga,
maana mche huu haulelewi juani:
unataka mlezi mchungu, asiyebembeleza.

Basi rudisha Italia yako kivulini, jua linaichoma.
Mimi nataka mikebe. Mitupu.
Mia moja na mitatu,
na iwe mirefu, mirefu kuliko hiyo uliyoshika:
mti wetu hushuka kwanza.
Mwaka mzima ukiutazama utadhani umekataa,
kumbe uko huko chini, unatafuta.

Na bei upunguze.
Nitakuwa mteja wako wa siku nyingi.